Nani Anatuza, Nani Anasemwa: Namna ya Kuchunguza Utamaduni Pendwa Tanga

Anayetaka kujua watu wa Tanga wanawaza nini kuhusu ndoa, pesa, ujirani na heshima asianzie kwenye hotuba za viongozi. Aende kwenye harusi yenye taarab, akae pembeni, aangalie nani anainuka na noti mkononi, na ni ubeti upi unaoimbwa wakati huo. Maneno ya wimbo, kama yale ya kanga, ni nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki ni nani kayatumia, mbele ya nani, siku gani. Mwanafunzi anayekusanya maneno peke yake anarudi chuoni na daftari lililojaa methali, lakini hajui zinafanya kazi gani.

Mwongozo huu unaegemea zaidi kwenye tuzo (pesa anayopewa mwimbaji hadharani) na kanga, maana ndiko kwenye mavuno mengi. Mpira, baikoko (ngoma ya kukata viuno) na simu tutavigusa tu.

Swali kwanza, tena liwe dogo

"Athari za muziki wa taarab kwa jamii ya Tanga" si swali la utafiti, ingawa linapitishwa kila mwaka. Linachukulia kwamba wimbo unatoka kwa mwimbaji na kumwingia msikilizaji kama dawa ya sindano, na kwamba msikilizaji hana lake la kufanya. Matokeo yake yanajulikana hata kabla ya kazi kuanza: ukurasa mmoja wa athari chanya, ukurasa mmoja wa athari hasi, kisha mapendekezo kwa serikali.

Chagua swali ambalo unaweza kulijibu kwa kuangalia na kuhesabu. Katika harusi za Ngamiani, mjini Tanga, wanaotuza zaidi ni upande wa bwana harusi au wa bibi harusi? Wanainuka mwanzo wa wimbo au wanangoja ubeti fulani? Kanga inayotolewa zawadi kwa mkwe huchaguliwa na nani? Harusi inapoacha kikundi cha waimbaji na kuchukua DJ, tuzo inakwenda kwa nani sasa? Swali la namna hiyo unaweza kulifanyia kazi kwa miezi mitatu na ukapata jibu ambalo hukulitegemea.

Pima swali lako hivi: je, kuna kitu unachoweza kukiona ambacho kingeonyesha umekosea? Kama hakipo, lipunguze tena.

Ruhusa mbili

Ruhusa ya kwanza ni ya ofisi. Mwanafunzi huanza na barua ya chuo, inakwenda kwa Katibu Tawala, inashuka halmashauri, kata, hadi kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kwanza kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Tembea na nakala kadhaa za barua, kwa sababu kila ofisi hubaki na moja.

Ruhusa ya pili ndiyo yenye uzito, nayo haina muhuri. Ni ya wenye shughuli. Kwenye harusi, baba mwenye nyumba anaweza kukukubalia haraka, kisha ukafika ukakuta kina mama hawana habari nawe. Mtafute mapema shangazi au mama mdogo anayesimamia mambo ya ndani, au somo wa bibi harusi. Piga hodi mchana na si usiku wa shughuli, toa shikamoo, eleza kwa kifupi unataka kuangalia nini, na useme mapema kabisa kwamba hutapiga picha za watu bila kuulizwa. Uliza pia mchango wa kamati umefikia wapi, na utoe chochote. Anayekula pilau ya watu na kuandika habari zao bila kuchangia atasemwa, na kwa haki.

Shughuli za ndani za wanawake si mahali pa mwanamume, hata awe na barua ya waziri. Mtafiti wa kiume afanye kazi na mwenzake wa kike, amlipe, na jina la huyo mwenzake lionekane kwenye kazi kama mtafiti. Asiandikwe "msaidizi". Na yaliyo siri ya kungwi na mwali yaachwe huko huko. Utafiti mzuri wa tuzo hauhitaji kujua alichofundwa mwali.

Panga kwa mwezi mwandamo

Ratiba ya kawaida, Januari hadi Desemba, inadanganya watafiti wengi wanaofanya kazi Pwani. Ramadhani inasimamisha harusi na ngoma, kisha Mfungo Mosi unafungua mlango na shughuli zinafuatana. Mfungo Sita una Maulidi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, miezi hiyo inarudi nyuma kila mwaka: Ramadhani ya 2023 ilianza mwishoni mwa Machi, ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Anayelinganisha harusi za Aprili mwaka huu na za Aprili miaka mitano iliyopita anaweza kutangaza kwamba "harusi zimepungua" kumbe watu walikuwa wamefunga. Andika tarehe zote mbili kwenye kila ukurasa wa daftari. Zingatia pia likizo za shule za Juni na Desemba, kwani ndugu wa mbali wanaweza kusafiri wakati huo.

Idadi ya harusi? Moja haitoshi hata kidogo. Tatu ndizo za kujifunzia kuangalia. Ukitaka kusema jambo lenye kichwa na miguu, lenga kumi, zikiwa mchanganyiko: za ukumbini na za turubai mtaani, zenye kikundi na zenye DJ, za wenye nacho na za wanaojibana.

Kusoma tuzo

Tuzo ni pesa anayopewa mwimbaji au mwenye shughuli hadharani, wakati muziki unapigwa. Mtoaji anainuka, anakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, anaitoa, anarudi. Katika mwendo huo kuna mambo mengi, na yote yanapita ndani ya dakika moja.

Kabla ya muziki kuanza, chora ramani ya mahali. Weka jukwaa, spika, alipokaa bibi harusi, upande wa ndugu wa kike wa bwana harusi, meza za majirani, mlango. Wape watu alama, si majina: A1, A2 kwa upande mmoja, B1, B2 kwa upande mwingine. Kisha piga mistari ya jedwali lenye sehemu saba: saa, wimbo, ubeti au kiitikio, aliyetuza, njia aliyopita, alifanya nini njiani na usoni, waliokaa waliitikiaje. Kiasi cha pesa kiandike ikiwa tu noti inaonekana wazi. Kukisia kiasi ni kujitungia takwimu.

Sehemu ya "njia aliyopita" ndiyo wanaoanza huiruka, nayo ndiyo inayosema. Mtu aliyekaa karibu na jukwaa akazunguka meza tatu kabla ya kufika ana sababu. Huenda amefurahi tu, anacheza. Huenda alitaka kupita mbele ya mtu.

Hapa ndipo kosa jingine kubwa hutokea. Mtafiti akishasikia habari za mipasho na vijembe, kila tuzo anaiona dongo. Si hivyo. Watu hutuza kwa kuupenda wimbo, kwa kumjua mwimbaji, kwa kulipa tuzo waliyotuzwa wao kwenye shughuli yao, kwa kuonyesha kwamba wana uwezo, kwa kumtukuza bibi harusi. Ili useme tuzo fulani ilikuwa kijembe, tafuta angalau mambo matatu yaliyokutana: mtoaji alingoja ubeti mahususi badala ya kuinuka wimbo ulipoanza, alimwelekea mtu kwa macho, kidole, bega au kwa kusimama mbele yake, na kuna aliyeitikia, ama kwa vigelegele na vicheko vya upande mmoja, ama kwa mlengwa mwenyewe kuinuka naye kutuza. Jambo moja peke yake liandikwe kama lilivyo, bila tafsiri.

Kesho yake au siku ya tatu, waulize watu watatu waliokaa sehemu tofauti, kila mmoja peke yake. Usiulize "yule alikuwa anamsema nani?" Swali hilo ni la umbea, na litakupa umbea. Uliza, "wimbo ule ulipopigwa watu walichangamka, kulikuwa na nini?" Wakikupa habari tatu zisizofanana, usihangaike kutafuta iliyo ya kweli. Kutofanana huko ndiko matokeo yako: shughuli ileile ilisomwa mara tatu, kila mtu na alipokaa.

Kipimo kingine ambacho watu wachache hukitumia ni urefu wa wimbo. Kikundi kinachopiga papo kwa papo hurudia ubeti au kiitikio kadiri watu wanavyoendelea kuja mbele. Pima dakika za wimbo uliopigwa ukumbini, kisha pima uleule uliorekodiwa. Ukiona wa ukumbini umerefuka, tafuta umerefuka kwenye ubeti gani. Hapo waliohudhuria wamekuandikia wenyewe, kwa pesa zao, maneno gani yaliwagusa. Kwa DJ kipimo hiki hakifanyi kazi, maana wimbo unakwisha unapokwisha, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuwa tasnifu.

Na wewe mtafiti usiinuke kutuza kwa kuona haya ya kukaa. Ukitokea mbele kwenye ubeti wa wake wenza, umeshachagua upande, na upande wa pili hautakufungulia mlango tena. Ukitaka kutuza, mtuze bibi harusi, kwenye wimbo wa kumsifu, mapema.

Sauti

Simu ya kawaida inatosha, ila iwekwe kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya kazi. Usikae mbele ya spika: sauti ikizidi uwezo wa maikrofoni inapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki baadaye. Kaa ubavuni, hatua kumi hivi kutoka spika iliyo karibu, na jaribu kwa dakika moja kabla ya kuanza. Ukirekodi kwa WAV ya kiwango cha CD, saa moja inakula takriban MB 600, kwa hiyo futa nafasi nyumbani kabla ya kwenda. Nakili kwenye kifaa cha pili usiku huohuo.

Mazungumzo ya saa moja huchukua saa nne hadi sita kuyaandika, na zaidi kama kuna kelele. Andika kama mtu alivyosema. Mzee wa Mtang'ata, Mdigo wa Mkinga na kijana wa Makorora hawasemi Kiswahili kimoja, na ukiwasahihisha wote kuwa sanifu umefuta ushahidi kwamba wimbo ulikuwa unamlenga nani.

Kusoma kanga

Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno. Inauzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kila kanga unayoiandika iandike yote: maneno kama yalivyochapwa, pamoja na makosa ya herufi, rangi, michoro ya mji na ya pindo, alama ya mtengenezaji kama ipo. Piga picha ikiwa imetandazwa juu ya jamvi, kivulini, kutoka juu. Kanga iliyovaliwa huficha jina kwenye mkunjo, na zaidi ya hayo utakuwa unampiga picha mtu.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili, na zisichanganywe.

Ya kwanza ni dukani. Kaa na muuza kanga, Mgandini au Ngamiani, asubuhi mbili tatu, kwa ruhusa yake, na uandike kila mnunuzi aliangalia nini kwanza: rangi, mchoro, jina, au bei. Utashangaa. Kuna wanaochagua rangi kwanza na kulisoma jina mwisho, ili tu wasije wakabeba tusi bila kujua. Kuna wanaotafuta jina maalumu na kuondoka wasipolipata. Mtafiti asiyeanzia dukani huchukulia kwamba kila kanga barabarani ni barua, akamsoma kila mwanamke anayepita kituo cha daladala. Huo ni utovu wa adabu, na si ushahidi.

Ya pili ni nyumbani, kwa mwenye kanga. Hapa swali baya kuliko yote ni "maana yake nini?" Atakupa maana ya kitabuni, ambayo unaijua. Chukua kanga inayojulikana, *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*. Muulize: uliipataje, ulinunua au ulipewa? Nani alichagua? Ungempa nani kanga hii? Usingempa nani kabisa? Umewahi kuiacha nyumbani makusudi siku fulani? Swali la "usingempa nani" ndilo linalofungua mambo, kwa sababu linaeleza mipaka: mkwe, wifi, jirani tuliyegombana naye, mfiwa. Maneno yaleyale ni zawadi kwa mmoja na ugomvi kwa mwingine.

Mara nyingi mwenye kanga atakujibu, "Mimi nimenunua nguo tu, maneno ya kiwandani hayo." Usimbane. Andika jibu hilo neno kwa neno. Kanga inaweza kusema kile ambacho mdomo hauwezi kukisema mbele ya wakubwa, na inaweza hivyo kwa sababu mvaaji ana njia ya kukana. Anayekana hajakuficha matokeo, amekuonyesha chombo kinavyofanya kazi. Mtafiti anayelazimisha ungamo ameharibu chombo, na pengine ameharibu nyumba ya watu.

Maana hatari hiyo ipo kweli. Usibebe habari kutoka nyumba hii kwenda ile, hata kwa nia ya kuhakikisha. Ukisema "nimesikia kanga ile ulimlenga fulani", umeshakuwa mchonganishi, na mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri.

Ya zamani

Tanga ina historia ndefu ya starehe za kushindana, na mashindano ndiyo uzi mzuri wa kuufuata. Beni za enzi ya ukoloni, vikundi vya ngoma vilivyoiga bendi za kijeshi, ziligawanyika Marini na Arinoti. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club ilivuma kwa taarab, na baadaye Lucky Star. Shakila Said, aliyefariki 2016, aliimba na vyote viwili. Upande wa dansi kulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ukimhoji mzee kuhusu vikundi hivi, usimuulize "taarab ya zamani ilikuwaje", maana atakwambia ilikuwa na adabu. Kila kizazi husema hivyo kuhusu muziki wa ujana wake. Muulize alikuwa upande gani, nani walikuwa upande wa pili, walikuwa wakikaa wapi, na sare ililipiwa na nani. Mwimbie mstari mmoja kama unaujua. Kumbukumbu hufuata sauti haraka kuliko swali.

Kisha pambanisha na maandishi. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na lilichapa mashairi na barua za wasomaji. Tafuta kwenye mikusanyo ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwenye Nyaraka za Taifa. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania ziko TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania. Kumbuka tu kwamba nyaraka za mkoloni kuhusu ngoma ziliandikwa zaidi na waliohofia ngoma. Zinakueleza vizuri hofu ya bwana shauri, yaani ofisa wa utawala wa kikoloni, si furaha ya wachezaji.

Mpira, baikoko, simu

Uwanja wa Mkwakwani unafaa kwa mtafiti asiyepata mlango wa harusi. Coastal Union, iliyoanzishwa 1948 na kutwaa ubingwa wa nchi 1988, na African Sports zina utani wa kutosha. Sikiliza kijiweni siku mbili kabla ya mechi na siku moja baada ya kufungwa. Siku ya mechi yenyewe watu wanaimba tu.

Baikoko ina kelele nyingi za maadili. Usiwe jaji wala wakili. Chunguza lalamiko lenyewe: nani analalamika, nani anacheza, nani aliyelipa kikundi kije, na je, ni watu tofauti kweli? Usipige video. Video ya mchezaji ikitoka kwenye simu yako huwezi kuirudisha.

Maneno ya taarab na kanga sasa yanawekwa WhatsApp na kutoweka baada ya saa 24. Kutoweka huko ni sehemu ya kukana kulekule kwa kanga, kwa hiyo ukipiga picha ya skrini bila ruhusa umemnyang'anya mtu ulinzi wake. Zaidi ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Omba watu kumi wakubali kukutumia wenyewe walichoweka na walimlenga nani, kama wanataka kusema.

Kuandika

Kila dai kwenye sura ya uchambuzi liwe na miguu mitatu: tendo uliloliona, maneno yenyewe, na maelezo ya watu wasiokaa pamoja. Sentensi kama "wanawake wa Tanga hutumia taarab kupigana vijembe" ifutwe. Badala yake: "Katika harusi sita kati ya kumi, tuzo nyingi zilitolewa kwenye kiitikio, si kwenye ubeti, katika nne zilizobaki, zote zenye mke wa pili, zilitolewa kwenye ubeti." Hesabu hizo ni mfano wa umbo tu, lakini ona zinavyojieleza: msomaji anaweza kwenda mwenyewe kuhakikisha. Weka pia angalau tukio moja lililokataa kuingia kwenye maelezo yako, na ulieleze hadi mwisho.

Orodha inayounganisha alama A1, B2 na watu halisi ikae mbali na daftari, na ichomwe kazi ikisahihishwa. Ubeti mmoja mmoja wa wimbo unaweza kuunukuu kwa kumtaja mtunzi. Kuweka rekodi nzima mtandaoni ni jambo jingine, la hakimiliki, na linahitaji idhini ya kikundi. Kikundi kipewe nakala ya sauti, na familia ya harusi ipewe picha zake kabla hujaondoka Tanga, kwa sababu ukishaondoka utasahau.